Graham Bond: aliyekibeba kinanda cha Hammond hadi Soho

Kituo cha treni cha Finsbury Park, kaskazini mwa London, kinajulikana vyema na wakaazi wengi wa jiji hili waliotoka Afrika Mashariki. Ndipo wengi wao wanapobadilishia treni za chini ya ardhi, kutoka njia ya Piccadilly kwenda ile ya Victoria, asubuhi wakielekea kazini na usiku wakirejea majumbani.

Tarehe 8 Mei mwaka 1974, katika kituo hicho, mwanamuziki Graham Bond aligongwa na treni akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Zilipita siku kabla ya maiti yake kujulikana ni ya nani, na hatimaye polisi walimtambua kwa alama za vidole. Ni vidole vilevile ambavyo, miaka kumi kabla yake, vilikuwa vimewafundisha vijana wa London kwamba kinanda kilichobuniwa kwa ajili ya sebule na makanisa kinaweza kutikisa ukumbi wa dansi.

Habari za Bond haziwezi kutenganishwa na chombo alichokipiga, kinanda cha umeme cha Hammond. Chombo hicho kilimpa jina, kikampa sauti ambayo hakuna mwingine London aliyekuwa nayo kwa nguvu kama zile, na pia kikawa mzigo, kwa maana halisi ya neno hilo.

<b>Mtoto wa kulelewa</b>

Graham Bond alizaliwa tarehe 28 Oktoba mwaka 1937 huko Romford, katika jimbo la Essex, mashariki mwa London. Wazazi waliomlea hawakuwa waliomzaa. Walimchukua akiwa mchanga kutoka makao ya watoto ya Dr Barnardo, taasisi iliyowahifadhi watoto wengi wasio na wazazi au ambao wazazi wao hawakuweza kuwatunza.

Jambo hilo la kutojua alikotoka lilimwandama maisha yake yote, na mbele ya safari litakuja kuleta madhara makubwa.

Alisoma katika shule ya Royal Liberty iliyoko Gidea Park, na huko ndiko alikojifunza muziki. Piano aliianza mapema. Saksofoni aliichukua baadaye, na inasemekana sababu moja ilikuwa ugonjwa wa pumu: kupuliza ala ile kulitarajiwa kumtia nguvu mapafuni.

Kufikia mwaka 1961 alikuwa akipiga saksofoni ya alto katika bendi ya jazi ya Don Rendell, na wapenzi wa muziki huo walimhesabu miongoni mwa vijana wenye matumaini makubwa nchini Uingereza. Angaliweza kubaki hapo, akapata heshima ya wastani na riziki ya wastani. Hakubaki.

<b>Fundi wa saa</b>

Kabla ya kuendelea na Bond, inafaa kusema kidogo juu ya kinanda chenyewe, kwani bila hivyo ni vigumu kufahamu kwa nini watu walikipenda na kukilaani kwa pumzi moja.

Aliyekibuni ni Mmarekani, Laurens Hammond, aliyezaliwa mwaka 1895 huko Evanston, karibu na Chicago. Alikuwa mhandisi na mtengenezaji wa saa za ukutani za umeme. Hakujua kupiga kinanda, na hadi anafariki mwezi Julai mwaka 1973 hakuwahi kujifunza.

Saa zake zilitumia mota ndogo inayofuata mapigo ya umeme wa gridi, ambayo haiendi mbele wala nyuma ya mapigo hayo. Biashara ya saa ilipozorota wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Hammond alitafuta kitu kingine cha kuzungushwa na mota ile. Kwanza alitengeneza meza ya umeme inayochanganya na kugawa karata. Kisha akatengeneza kinanda, akapata hati ya ubunifu mwaka 1934 na kukionyesha hadharani New York mwezi Aprili mwaka 1935.

Ndani ya kinanda kikubwa cha Hammond mna magurudumu madogo 91 ya chuma, yaliyopangwa kwenye mihimili na kuzungushwa na mota moja. Ukingo wa kila gurudumu una meno: mengine mawili tu, mengine 192. Mbele ya kila gurudumu imesimamishwa sumaku yenye waya uliozungushiwa. Jino likipita mbele ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya. Meno mengi yakipita haraka sauti huwa nyembamba, machache yakipita polepole sauti huwa nene.

Juu ya vibao vya vidole mna vishikio tisa vya kuvuta na kusukuma. Kila kimoja huongeza au kupunguza sehemu moja ya sauti, kama mpishi anavyoongeza chumvi, ndimu na pilipili mpaka mchuzi ukamkubali.

Faida ya mpango huu ni kubwa. Kinanda hakipotezi ulinganifu wa sauti, kwa sababu magurudumu yameunganishwa kwa meno ya gia na hayawezi kupishana. Piano hudai fundi wa kuilinganisha kila baada ya miezi, na joto la pwani ya Mombasa au Tanga huilegeza nyuzi zake. Kinanda cha Hammond kilitaka zaidi mafuta laini ya mashine mara moja kwa mwaka, nayo hufyonzwa na nyuzi nyembamba za pamba hadi kwenye kila mhimili. Vipo vilivyotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili ambavyo hadi leo vinalia.

Watengenezaji wa vinanda vya mabomba, vile vya makanisa makuu, hawakufurahi. Walilalamika kwa tume ya biashara ya Marekani kwamba Hammond anawadanganya wanunuzi. Mwaka 1937, katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago, wataalamu na wanafunzi waliwekwa wasikilize bila kuona na waseme kipi ni cha mabomba na kipi ni cha umeme. Wataalamu walikosea takribani mara moja katika kila tatu. Tume ilimkataza Hammond kudai kwamba chombo chake kinatoa sauti zote za kinanda cha mabomba, lakini jina la kinanda aliachiwa.

Waafrika-Wamarekani hawakuingoja tume. Mwaka 1939 kanisa la First Church of Deliverance mjini Chicago lilikiweka kinanda cha Hammond katika ibada, na kutoka hapo kikaenea katika muziki wa injili. Katikati ya miaka ya 1950 Jimmy Smith wa Pennsylvania alikiingiza kwa kishindo katika jazi. Santuri zake zilivuka bahari, na huko London vijana kama Bond walizisikiliza hadi zikachakaa.

Msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba neno kinanda lenyewe limesafiri sana. Wazee wa pwani walilitumia kwa ala ya nyuzi, kisha likapewa piano, likapewa kinanda cha Kihindi cha kuvutwa upepo kwa mkono, na hatimaye chombo hiki cha umeme. Pengine hakuna neno lililovumilia ala nyingi kuliko hilo.

<b>Usiku wa Soho</b>

Mwaka 1962 Bond alijiunga na bendi ya Alexis Korner, Blues Incorporated, iliyokuwa chuo cha muziki wa bluzi nchini Uingereza. Humo aliwakuta Jack Bruce, mpiga besi kutoka Scotland, na Ginger Baker, mpiga ngoma wa London ambaye mwalimu wake, Phil Seamen, alikuwa amemsikilizisha santuri za ngoma za Kiafrika hadi akabadilika kabisa.

Wakati wa mapumziko ya bendi kubwa, Bond alikaa kwenye kinanda na watatu hao wakapiga peke yao. Watu waliacha kwenda kununua vinywaji, wakabaki kusikiliza.

Mapema mwaka 1963 Bond alimwambia Korner kwamba yeye, Bruce na Baker wanaondoka. Tatizo ni kwamba hao wawili hakuwa amewauliza. Walijikuta wamejiuzulu bila kujua. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, lakini kinaonyesha tabia iliyokuja kumgharimu: Bond aliamini kwamba akishaona jambo, wengine wote nao wameliona.

Jukwaa lao lilikuwa vilabu vya usiku. Mashuhuri zaidi kilikuwa Flamingo, katika barabara ya Wardour, mtaa wa Soho. Wanajeshi weusi wa Marekani waliokuwa kwenye kambi za Uingereza walijaa humo mwisho wa juma, pamoja na wahamiaji kutoka Jamaica na Afrika Magharibi, wakati ambapo kumbi nyingi za London hazikuwakaribisha. Ni hapo pia, Oktoba mwaka 1962, palipozuka ugomvi wa visu uliochangia kufichua kashfa ya waziri John Profumo.

Mwaka huohuo wa 1963 wajumbe wa Kenya na Zanzibar walikuwa Lancaster House, si mbali na hapo, wakijadili katiba za uhuru. Haijulikani kama yupo aliyetoroka kikao akaenda Wardour Street, ila masafa yalikuwa ya kutembea kwa miguu.

Wako wanaobishana nani alikuwa wa kwanza kukipiga kinanda cha Hammond vilabuni London, Bond au Georgie Fame, aliyekuwa mwenyeji wa Flamingo na ambaye bendi yake ilikuwa na mpiga ngoma wa Ghana, Speedy Acquaye. Ubishi huo hauna faida. Fame alikipiga ili watu wacheze. Bond alikipiga kana kwamba kuna mtu aliyefungiwa ndani yake na anataka kutoka.

Mara nyingi mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye kinanda huku wa kulia ukishika saksofoni, akizipiga zote mbili kwa wakati mmoja. Hakuwa akifanya mzaha. Tungo hizo zinasikika katika santuri zake, na sauti mbili hizo zinajibizana.

<b>Mzigo wa ngazi</b>

Klabu nyingine walikopiga sana ni Klooks Kleek, huko West Hampstead, iliyokuwa ghorofani katika hoteli ya Railway. Hapo ndipo ubaya wa kwanza wa kinanda cha Hammond unapojitokeza.

Kile kikubwa, aina ya B-3, pamoja na benchi lake na vikanyagio vya miguu, kina uzito wa takribani kilo 190. Vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya sebule ni vyepesi kuliko hicho, lakini navyo haviinuliwi na mtu mmoja. Hakikubuniwa kihamishwe. Kilibuniwa kikae mahali, kifunikwe kitambaa, na kipigwe Jumapili.

Juu ya hapo kuna sanduku la spika. Donald Leslie wa California, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alitengeneza sanduku ambalo ndani yake pembe na ngoma huzungushwa na mota, hivyo sauti ikawa inakuja na kwenda kama upepo. Laurens Hammond hakulipenda na alikataa kulinunua. Wanamuziki hawakumsikiliza. Leo ni vigumu kupata mtu anayetaka kinanda hicho bila sanduku la Leslie, na mfano huu ni mmoja wa mingi ambapo mbunifu hakukijua alichokibuni.

Bond alikuwa miongoni mwa wa mwanzo London kuunganisha viwili hivyo kwa muziki wa bluzi. Ili kinanda kipite milangoni, alikikatisha: mbao zikapasuliwa, nyaya zikatenganishwa na kuwekewa plagi, chombo kikawa vipande viwili vya kubebwa na kuunganishwa upya ukumbini. Mafundi wa vinanda waliona ni ukatili. Kila waya uliokatwa ni mahali papya pa kuharibikia, na kinanda kilichotikiswa garini usiku kucha kati ya Manchester na London hakina hakika ya kuamka asubuhi. Bond alichagua kupiga kila mji kuliko kuwa na chombo kizima.

Ubaya wa pili unahusu umeme, na huu unawagusa moja kwa moja wasomaji wa Afrika Mashariki. Kwa kuwa mota hufuata mapigo ya gridi, kinanda kinalia kwa usahihi wa mtambo unaoleta umeme huo. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde. Uingereza hupiga mara 50, na vivyo hivyo Kenya, Tanzania na Uganda.

Kinanda kilichotengenezwa kwa matumizi ya Marekani kikichomekwa London au Nairobi, magurudumu yake huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na muziki wote hushuka zaidi kidogo ya nusu sauti tatu. Transfoma ya kubadilisha volti haisaidii chochote, maana haibadilishi mapigo. Wapo waliosafirisha vinanda kwa meli kwa gharama kubwa wakagundua hilo siku ya kuvifungua. Vilivyotengenezwa kwa soko la Uingereza viliwekewa mitambo inayolingana na umeme wa hapa.

Na pale umeme unapokatika na jenereta ikawashwa, jenereta ikiyumba kinanda nacho huyumba. Mpiga gitaa anabaki mahali pake, kinanda kinashuka na kupanda kama mtu mwenye homa. Chombo kisichopoteza ulinganifu kamwe hupoteza kila kitu mara moja.

Kukiwasha pia kuna adabu yake. Kuna swichi mbili. Ya kwanza hushikiliwa kwa sekunde kadhaa hadi mota ya kuanzishia ishike mwendo, ndipo ya pili hubonyezwa. Mwenye pupa hupata kimya.

Kuna na jambo la vidole. Piano humjibu mpigaji: akigusa taratibu hulia taratibu, akipiga kwa hasira hulia kwa hasira. Kinanda cha Hammond hakijui tofauti hiyo. Nguvu ya sauti iko kwenye kikanyagio cha mguu wa kulia. Asiyeujua mguu wake hupiga kama anayesoma bila kupumua. Lakini kwa upande mwingine, sauti ikishashikwa haififii hadi kidole kiondoke, na Bond aliijua nguvu ya kushikilia sauti moja mpaka ukumbi ukaanza kupiga kelele.

Wahandisi wa Hammond walihangaika miaka mingi kuuondoa mlio mdogo wa tak unaosikika kila kibao kinapobonyezwa. Waliuona ni kasoro. Wapigaji wa jazi na bluzi waliusikia kama ngoma ndogo iliyojificha ndani ya kila sauti, na watengenezaji wa vinanda vya tarakimu vya siku hizi hutumia jitihada kubwa kuuiga.

<b>Bendi iliyowazaa wengine</b>

Bendi ya Bond ilianza na mpiga gitaa John McLaughlin, ambaye alidumu miezi kadhaa tu kabla ya Bond kumfukuza. Nafasi yake haikujazwa na gitaa bali na saksofoni ya Dick Heckstall-Smith. Hivyo Graham Bond Organisation ikawa bendi ya bluzi isiyo na gitaa, jambo la ajabu katika London ya wakati ule, na kinanda kikabeba kazi yote.

Mwaka 1964 walirekodi na mpiga gitaa mashuhuri wa Jamaica, Ernest Ranglin. Mwaka 1965 walitoa santuri mbili ndefu, The Sound of '65 na There's a Bond Between Us. Katika ile ya pili Bond alitumia pia Mellotron, kinanda kipya kilichotengenezwa Birmingham na kilichotoa sauti zilizorekodiwa kwenye kanda. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kukitumia katika muziki wa aina hiyo, miaka miwili kabla ya kusikika katika nyimbo zilizouzwa dunia nzima.

Santuri za Bond hazikuuzwa hivyo. Katika kumbi watu walijaa, madukani hawakuonekana. Wazalishaji wa muziki walitaka sura za vijana wembamba wenye nywele zilizochanwa mbele. Bond alikuwa mnene, mwenye ndevu na macho makali, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayedai haki yake.

Ndani ya bendi kulikuwa na moto mwingine. Bruce na Baker walipigana, mara nyingine jukwaani mbele ya watu. Bond alikwisha kuanza kutumia heroini na uongozi ukamponyoka, ukaangukia mikononi mwa Baker, ambaye naye alikuwa mtumiaji. Mwaka 1965 Baker alimfukuza Bruce, na inasimuliwa kwamba kisu kilitajwa. Mahali pa Bruce pakachukuliwa na tarumbeta ya Mnigeria, Mike Falana, huku sauti za besi zikitoka katika kinanda cha Bond.

Mwaka 1966 Baker naye aliondoka. Pamoja na Eric Clapton, na Bruce yuleyule aliyemfukuza, aliunda Cream, bendi iliyouza santuri kwa mamilioni. McLaughlin alikwenda Marekani akapiga na Miles Davis. Heckstall-Smith na Jon Hiseman, aliyemrithi Baker kwenye ngoma, waliunda Colosseum. Jon Lord wa Deep Purple, aliyekuja kuwa labda mpigaji maarufu kuliko wote wa Hammond katika roki, alikiri kwamba mengi aliyoyajua juu ya chombo hicho aliyapata kwa Bond ana kwa ana.

Kinanda cha Hammond kiliwatajirisha wengine pia. Mwaka 1967 Matthew Fisher alikipiga katika A Whiter Shade of Pale wa bendi ya Procol Harum, uliorekodiwa London, na mwaka 2009 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, Baraza la Malordi, ilithibitisha kwamba mchango wa kinanda hicho ulimpa haki ya asilimia 40 ya umiliki wa muziki wa wimbo huo. Bond hakuwa na wimbo wa namna hiyo wa kugombewa.

<b>Kumtafuta baba</b>

Mwaka 1968 Bond alihamia Marekani. Alirekodi santuri mbili, ambazo hazikwenda mbali, na mwaka 1969 akarudi Uingereza. Tarehe 15 Januari mwaka 1970 alipanda jukwaa la Royal Albert Hall pamoja na Airforce, bendi kubwa ya Ginger Baker, iliyowakusanya Speedy Acquaye, Mnigeria Remi Kabaka na mzee Phil Seamen. Bond alipiga kinanda na saksofoni. Kwa usiku ule alionekana yuko nyumbani.

Lakini akili yake ilikwisha kugeukia mambo ya uchawi. Alisoma vitabu vya Aleister Crowley, Mwingereza aliyefariki mwaka 1947 na aliyejitangaza kuwa bingwa wa elimu hiyo, na hatimaye Bond akaamini kwamba Crowley ndiye baba yake mzazi. Hakukuwa na ushahidi wowote. Mtoto wa makao ya Barnardo alikuwa amejichagulia ukoo. Santuri zake za miaka hiyo, kama Holy Magick ya mwaka 1970, zimejaa mambo hayo, na waliokuja kumsikia mpiga bluzi walirudi wamechanganyikiwa.

Alifanikiwa kuacha heroini, jambo ambalo wengi wa rika lake hawakuliweza. Mwaka 1972 alitoa santuri na mshairi Pete Brown, aliyewaandikia Cream maneno ya nyimbo, na ndani yake anasikika akicheka. Mwaka 1973 alijaribu bendi nyingine, haikudumu. Ndoa ilivunjika, fedha ziliisha, na alipata kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Baada ya kifo chake zilitolewa pia tuhuma nzito, kwamba alimdhulumu kijinsia mtoto aliyekuwa katika nyumba yake. Mahakama haikuweza kuzisikiliza, kwani mtuhumiwa alikwisha kufa, lakini baadhi ya waliompenda kama mwanamuziki hawakuweza tena kulitaja jina lake kwa moyo mweupe. Si sahihi kuyasimulia maisha yake bila kulitaja hilo.

Kuhusu siku ile ya Finsbury Park, wengi wanaamini alijitoa uhai. Baadhi ya marafiki walisema alikuwa akihofia kwamba kuna nguvu zinazomwandama. Hakuna aliyekuwa naye.

Laurens Hammond alikuwa amekufa miezi kumi kabla yake, akiwa mzee wa miaka 78. Na katikati ya muongo huohuo kiwanda cha Chicago kiliacha kutengeneza vinanda vya magurudumu, kwa sababu vifaa vipya vya elektroniki vilikuwa rahisi na vyepesi. Mtu mmoja angeweza kubeba kinanda kwapani akapanda ngazi za Klooks Kleek bila kutoa jasho.

Vya zamani vilivyobaki vinazidi kuzeeka. Kapasita za vile vya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 hubadilika kwa umri na kufifisha sauti. Vile vya baadaye viliwekewa sifongo chini ya vibao, nayo huoza ikageuka gundi na kula nyaya. Mafundi wanaovijua wanapungua, na bei inapanda.

Mwaka 2012 rekodi za Graham Bond Organisation zilikusanywa katika sahani nne na kutolewa upya, zikiwemo tungo ambazo hazikuwahi kutoka wakati wa uhai wake. Usafi wake si wa studio za leo. Katika baadhi yake, kabla Bond hajaanza kuimba, inasikika kwanza ile tak ya kibao, kisha pembe ya Leslie ikishika mwendo.